Maji Yana Njia, Mimi Sina

Riyali moja hii iliyo mezani mwangu sikuifanyia kazi wala sikuiokota. Nimepewa sadaka. Nimepewa jana usiku, pale Ghubra, hapa Maskati, na mama wa makamo, huku nimesimama ukingoni mwa wadi, suruali imerowa mpaka magotini, baiskeli nimeiegemeza kiunoni, na taa yake ya lumeni 1,000 inawamulika yeye, mumewe, wajukuu zao na sahani ya mishikaki. "Chukua, maskini," aliniambia kwa Kiarabu. Nikaduwaa. Akarudia kwa Kihindi cha kuungaunga, akapeleka vidole mdomoni kunionyesha kwamba nikale. Nami nikaropoka kwa Kiswahili: "Asante mama, nimekula."

Yule mama akausogeza ushungi nyuma kidogo, akanitazama upya. "Ala! Kumbe wa kwetu! Mwana wa nani wewe?"

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ataliona swali hilo jepesi. Maskati si jepesi. Hapa sisi wenye asili ya Unguja na Pemba hatujuani kwa majina, tunajuana kwa mashangazi. Ukitaja mtaa wa Malindi kule Unguja unaulizwa nyumba. Ukitaja nyumba unaulizwa ghorofa. Na kabla hujavuta pumzi umeshakuwa mjukuu wa mtu aliyekaa mkeka mmoja chuoni na babu wa huyo anayekuuliza. Nilimtaja mama yangu. Akapiga kigelegele nusu, akashika kifua, halafu akaniangalia tena toka kichwani mpaka viatuni, akawatazama na mbuzi walionizunguka, macho yakamlengalenga.

"Mwana wa fulani," akamwambia mumewe kwa sauti ya chini ambayo wadi nzima iliisikia, "anachunga mbuzi."

Mbuzi hawakuwa wangu. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu mpaka naandika haya bado kuna watu Seeb na Azaiba wasiolikubali.

Mkosa ni kibao. Kibao cha rangi ya chungwa, kimeandikwa *tahwila*, yaani mchepuko, na kuchorwa mshale, kilichosimamishwa mchana wa jana kwenye ile barabara ya pembeni ninayopita kila jioni kutoka kazini. Barabara imechimbwa, mabomba yamelazwa, magari yanaombwa yachepuke. Mshale ule ukiufuata kwa gari, nusu dakika haiishi umo ndani ya Barabara ya Sultan Qaboos, pamoja na wenzako wanaokwenda kilomita mia na zaidi kwa saa. Ukiufuata kwa baiskeli pia nusu dakika haiishi umo ndani ya Barabara ya Sultan Qaboos, pamoja na wenzako hao hao. Mwenye kibao hakuona tofauti.

Anayeujua mji huu anaelewa kwa nini hapana pa kukwepea. Maskati si mji wa duara. Ni utepe. Milima ya Hajar inausukuma kutoka nyuma, Bahari ya Oman inauzuia mbele, na mji umejinyoosha katikati, mtaa baada ya mtaa, kuanzia Matrah mpaka Seeb na kupita. Barabara kuu imelala kwa urefu wa utepe huo. Kwa hiyo kila mkaazi ana makao upande mmoja wa barabara na haja upande wa pili: kazi bahari, nyumba mlima, au kinyume chake. Mwenye gari anapanda daraja anageuka. Asiye na gari ana daraja la waenda kwa miguu, lililo mbali, lenye ngazi. Nami jana nilikuwa na baiskeli yenye mkoba wa kompyuta, dumu la maji na kilo tano za mchele alizoniagiza mke wangu.

Ikabaki wadi.

Wadi, kwa asiyeishi huku, ni mto usio na maji. Milima hii mitupu haina udongo wa kunywa mvua. Ikinyesha, maji yote yanaporomoka kwa pamoja kutafuta bahari, na chochote kilichopo njiani huenda nayo. Juni 2007 kimbunga Gonu kilishuka kwa njia hizo, na waliokuwapo Qurum siku ile hawajamaliza kusimulia mpaka leo. Ndiyo maana chini ya barabara kuu kuna makalavati makubwa ya zege, mapana kiasi cha kupitisha lori dogo, yamejengwa kusubiri maji. Mvua ya Maskati kwa mwaka mzima haiendi mbali na milimita 100. Yaani yale makalavati yanakaa makavu karibu mwaka mzima, yanamsubiri mgeni anayekuja siku chache tu, na akija anavunja vitu. Mgeni huyo amejengewa njia ya kupita chini ya barabara. Sisi tunaovuka kila siku ya Mungu, na hatuvunji kitu, tumewekewa kibao.

Basi nikashuka. Mdomo wa kalavati ulikuwa na godoro lililochanika, kigari cha dukani kilichokosa gurudumu moja, na dimbwi la maji ambalo mwanga wa taa yangu ulilionyesha kuwa la kina cha kidole. Lilikuwa la kina cha goti. Nikalivuka nimebeba baiskeli begani na mchele kifuani, nikapanda tena, nikawasha taa kwa nguvu zake zote, nikaanza kukanyaga. Juu ya kichwa changu magari yalipita kwa mshindo, puu, puu, kila yalipokanyaga kiungo cha zege. Nilipofika katikati, gizani mbele yangu yakawaka macho.

Si mawili. Mengi. Ya kijani, mawili mawili, kimo cha kiuno, hayapepesi.

Nimelelewa na bibi wa Kipemba. Kuhusu vitu vinavyokaa chini ya madaraja baada ya magharibi sihitaji kuelezwa na mtu. Nikaanza Ayatul Kursi kwa sauti, na kwa kuwa kurudi nyuma ni kurudi dimbwini, nikaisoma nikikanyaga kwenda mbele, kwa kasi, huku nikipiga kengele. Macho yakageuka. Kukatoka vishindo vya kwato na mlio mmoja wa "mee!" ambao ulinipa faraja kubwa na fedheha kubwa kwa wakati mmoja. Mbuzi wote wakatoka mbio upande wa pili, mimi nyuma yao, kengele inalia, Ayatul Kursi inaendelea, mpaka tukamwagika sote pamoja juu ya mikeka ya familia iliyotandika ukingoni kuchoma mishikaki.

Sasa jiweke mahali pa yule mama. Umekaa na wajukuu, upepo mzuri. Kutoka chini ya barabara wanafumka mbuzi, na nyuma yao mwanamume aliyerowa, na baiskeli, na kifurushi cha mchele, anapiga kelele. Ungeona nini? Hata mimi ningetoa riyali.

Lakini macho yale yamenikosesha usingizi kwa sababu nyingine. Usiku nimekaa kusoma, na nimekuta kwamba mbuzi, paka na ng'ombe wana kitu ambacho mimi na wewe hatunacho: nyuma ya pazia la jicho linalopokea mwanga kuna utando unaong'aa. Mwanga unaopita bila kunaswa unagonga utando huo na kurudishwa, ili jicho lipate nafasi ya pili ya kuunasa. Unaoponyoka hata safari hiyo ya pili unatoka nje kupitia lenzi ile ile, na lenzi inaurudisha kule kule ulikotoka. Nami ndiye niliyekuwa na taa. Lau yule mama angekuwa amesimama hatua kumi kando yangu mle kalavatini, asingeona jicho hata moja. Majini yale yalikuwa yangu peke yangu.

Na hicho hasa ndicho kinachofanywa na rifrekta, kile kiplastiki chekundu kilicho nyuma ya kila baiskeli, ambacho watu hukidhani pambo. Kioo cha kawaida ukikimulika kwa upande, mwanga huenda zake upande wa pili na kumfaidi mtu mwingine. Rifrekta haina tabia hiyo. Ndani yake mna vishimo vidogo vingi, kila kimoja kina kuta tatu zinazokutana kwa pembe mraba, kama kona ya chumba pale kuta mbili zinapokutana na sakafu. Rusha mpira kwa nguvu kwenye kona hiyo: utagonga ukuta, utagonga ukuta wa pili, utagonga sakafu, kisha utakurudia mwenyewe. Kila ukuta umeugeuza mwelekeo mmoja wa safari. Zikishagongwa zote tatu, safari nzima imegeuka kuwa ya kurudi. Wala haidhuru uliurusha kutoka pembe gani. Dereva akikumulika kutoka kulia, mwanga unamrudia yeye kulia. Wa kushoto anarudishiwa wake kushoto. Kila mtu anapewa haki yake, bila betri, bila swichi, kwa kiplastiki cha baisa mia chache.

Mwingereza Percy Shaw, wa Halifax, mwaka 1934 alichukua hati miliki ya yale "macho ya paka" yanayopigiliwa katikati ya barabara. Wamarekani wa Apollo 11 wakachukua vioo vya kona tatu, 100 kwa idadi, wakavipanga kwenye trei moja na kuiacha mwezini Julai 1969. Mpaka leo wataalamu hurusha miale ya leza kutoka duniani, inagonga kona zile umbali wa kilomita 384,000, inarudi, nao wanapima muda. Kwa njia hiyo tumejua kwamba mwezi unatukimbia kwa sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Nyuma ya tandiko langu pana mtambo wa ukoo huo huo, nami sina habari, nikiufuta vumbi pale tu ninaponunua tairi.

Rifrekta ina kasoro zake, na ni vizuri azijue anayeitegemea. Inamjibu anayekumulika tu. Gari linalochomoza kutoka kichochoroni taa zake zinaangalia mbele, hazikuangalii wewe, kwa hiyo dereva wake atakuona utakapokuwa juu ya boneti. Dereva wa lori amekaa juu sana ya taa zake, na mwanga unarudi kwenye taa, si kwake, anauona kidogo. Na vumbi la Maskati likitanda kwenye kiplastiki, kona tatu zinakuwa si kitu. Kwa hiyo taa unaihitaji, na nyekundu ya nyuma unaihitaji zaidi kuliko nyeupe ya mbele, ingawa kila duka huonyesha ya mbele kwanza kwa kuwa ndiyo ya bei.

Mji huu ulikuwa na sheria ya taa kabla ya kuwa na barabara. Katika Maskati ya kale, ile ya ndani ya ukuta, chini ya ngome za Mirani na Jalali, malango yalifungwa kama saa tatu baada ya jua kuzama, na yeyote aliyetembea baada ya hapo sharti abebe kandili iliyowashwa. Wazee husimulia kwamba tochi ya betri haikuhesabiwa. Ilitakiwa kandili ya mafuta, ya kuonekana mtu na sura yake. Mambo hayo hayakuwa ya zama za Wareno. Yaliendelea mpaka Sultan Qaboos aliposhika nchi tarehe 23 Julai 1970. Fikiria: mwezi ule wa Julai 1969 Armstrong anaweka vioo mwezini, hapa mtu anatembea na kandili ili askari asimshike. Wakati huo barabara ya lami katika Oman nzima husemwa ilikuwa kilomita kama 10.

Watu huicheka kandili ile. Mimi kuanzia jana siicheki. Mwenye kandili alionekana. Jicho halipimi wingi wa mwanga, linapima tofauti. Katika giza la vichochoro vile utambi mmoja ulikuwa mtu mzima. Leo niko na lumeni 1,000 kwenye usukani na mji umenizidi kwa mamilioni: nguzo za taa, minara, maduka, matangazo yanayobadilika rangi. Dereva anayetoka humo na simu mkononi atanitofautisha na nini? Tumetoka mji ambao bila taa hutembei, tukafika mji ambao una taa na huonekani.

Niliporudi nyumbani jana, mchele ukiwa salama, nilikuta simu ya mke wangu inatetemeka peke yake mezani. Ujumbe wa sauti wa yule mama ulikuwa umenitangulia. Katika kundi la ukoo, Khalati, yaani mama yangu mdogo, alikuwa ameanzisha mchango. Ami yangu wa Seeb, mtu ambaye hajapata kunikopesha hata kikombe, alikuwa ameandika riyali 20 na dua ndefu. Binamu mmoja alikuwa na Corolla ya zamani, "ina kiyoyozi na inatosha kwa mbuzi wawili." Shangazi wa London aliuliza kama nimefukuzwa kazi au ni maradhi. Nilieleza habari ya tahwila na kalavati. Mke wangu akasoma alichojibu Khalati: "Msimbishie, mwacheni, ana aibu."

Mengine yaliyonipata juu ya baiskeli hayastahili hata aya. Kwenye dawari, yaani mzunguko wa barabara, ya Khuwair dereva wa teksi alipunguza mwendo, akashusha kioo, akaniuliza pizza yake iko wapi. Njia ya miguu ya zamani kati ya Riyam na Matrah, ile yenye alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu kwenye mawe, ilikuwa ya watu na punda. Niliijaribu kwa baiskeli, na watalii wawili wa Kijerumani wakanisaidia kuibeba. Betri ya taa niliiacha juani nje ya ofisi mwezi wa Juni ikavimba, na hilo silishangai katika nchi ambayo tarehe 26 Juni 2018, hapo Quriyat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana.

Haya ni ya kucheka, nami nacheka. Lakini jana, kabla sijaingia kalavatini, niliwaona watu wanne waliofika pale kwenye kibao kabla yangu. Baiskeli za chuma nzito, vikapu mbele, nguo za kazi zenye saruji, hakuna taa hata moja, na rifrekta zimeshadondoka zamani. Walikuwa Wabangladeshi, nadhani; walizungumza kidogo wao kwa wao, wakautazama mshale, na wakaufuata. Wakaingia barabara kuu kwa mstari mmoja, ukingoni kabisa, gizani, kwa sababu kambi yao iko upande wa pili na kesho alfajiri wana zamu. Hakuna aliyewasimamishia gari kuwapa riyali, na hakuna aliyewauliza ni wana wa nani. Mimi nimeonewa huruma na ukoo mzima kwa sababu nilipanda baiskeli kwa hiari. Wao ndio wenye baiskeli katika mji huu, wao ndio waliolaza yale mabomba na kusimamisha kile kibao, na mshale wao wenyewe unawapeleka pabaya.

Wala tusiambiane kwamba nchi haijui baiskeli. Tangu 2010 kuna mashindano ya Tour of Oman. Ya mwaka ule wa kwanza aliyashinda Mswisi Fabian Cancellara. Barabara hufungwa, pikipiki za polisi hutangulia, watoto hupunga bendera kwenye ufukwe wa Matrah. Baiskeli yenye thamani ya gari inapigiwa makofi mchana kweupe, na haina taa kwa kuwa haihitaji. Baiskeli yenye mtu anayetoka kazini haipati hata mstari wa rangi barabarani.

Siombi njia za baiskeli za Uholanzi. Naomba makalavati yasafishwe na yatiwe taa mbili tatu na ubao wa mteremko kila upande, maana yamekwishajengwa na yanakaa bure. Mvua ikitangazwa, wayafunge kwa mnyororo, kama wanavyofunga vivuko vya wadi kwa magari. Naomba kila kibao cha tahwila kiwe na mshale wa pili, mdogo, wa asiye na gari. Na yeyote aliyekichora kile cha jana namkaribisha wiki hii, saa moja na nusu usiku, avuke kutoka bahari kwenda mlima bila gari. Baiskeli nitamwazima, na mchele atabeba yeye. Kuhusu mbuzi, asinilaumu. Nimeshasema si wangu.